Umeme wa Kurudi

Mbele ya nyumba yetu, hapa Ikolo, kuna nguzo ya simu, na juu ya nguzo kuna boksi la kijivu lenye ukubwa wa debe. Boksi hilo linakula kwangu. Halina mke, halina shamba, halijawahi kupalilia hata mstari mmoja wa mpunga, lakini linakula kwangu kutwa kucha, na kwa jirani yangu mzee wa kakao, na kwa dada wa saluni, na kwa bwana mifugo. Nyumba nne tunalilea. Nikilitazama damu inachemka kiasi kwamba ungeniwekea sufuria kichwani ungeivisha maharage, tena yale ya mwaka juzi.

Naandika haya kwa sababu ya asubuhi moja ya masika, boksi hilo lilipozimika mke wangu akiwa katikati ya mtihani wake wa mwisho. Lakini nikianzia hapo nitaonekana mtu mgomvi tu, na mimi si mgomvi. Mimi ni mtu wa furaha. Muulize yeyote kuanzia hapa mpaka Matema, hata samaki watakwambia.

Waya za simu za mezani zilikuwepo kwetu tangu zamani. Zilikufa tukiwa wadogo, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kuanikia nguo na kubeba ndege. Kisha mwaka juzi kampuni ikaleta waya wake mpya wa intaneti, ukashuka na barabara kutoka Tukuyu, ukapita mjini Kyela, ukaja mpaka kwenye nguzo yetu, hapo ukaishia. Kutoka kwenye nguzo kwenda majumbani wakasema watatumia zile zile waya kuukuu za simu. Boksi ndilo lingeunganisha mpya na kuukuu.

Siku ya kufunga alikuja fundi mmoja, kijana mpole kutoka mikoa ya juu, viatu vyake vimemezwa na tope la kwetu mpaka kifundoni. Nilimkaribisha, nikampa ndizi za kuchoma, nikamuuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza.

"Boksi linakula nini?"

"Umeme."

"Nguzo ya simu ina umeme?"

"Haina."

"Sasa?"

Akafuta mikono, akatoa kidude cheusi kama chaja ya simu iliyonenepa. "Hii adapta tunaiweka nyumbani kwako. Unachomeka kwenye soketi. Inachukua umeme wako kidogo tu, inausukuma kwenye waya wa simu, unapanda mpaka kwenye boksi. Intaneti inashuka kwako, umeme unapanda kwetu. Waya huo huo mmoja."

"Na kwa nini kampuni isivute umeme wake hapo kwenye nguzo?"

"Hapo sasa kuna vibali, kuna mita, kuna watu wa umeme wakubaliane na watu wa simu. Tukisubiri hayo, bosi, mtapata intaneti wajukuu wenu wakiwa wastaafu." Akacheka. Nami nikacheka. Hilo najilaumu mpaka leo. Mtu ananieleza kwamba wakubwa wawili wameshindwa kukaa meza moja, kwa hiyo mzigo waubebe walalahoi wanne, na mimi nacheka, tena nampa ndizi nyingine.

"Kitaalamu," akasema huku anatafuna, "inaitwa kulisha kwa kurudi nyuma."

"Umeme wa kurudi," nikasema.

"Eeh, hivyo hivyo. Umeme wa kurudi."

Neno hilo likaniingia. Mimi kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni nikiwa tayari na ndevu na watoto wawili, na mtu aliyesoma hivyo akipata neno jipya hawezi kulikalia. Jioni ile ile nikawaita majirani barazani kwangu, nikasimama kama mkuu wa chuo. Kwa Kiswahili nikaeleza, kwa Kinyakyusa nikaremba. Nikasema huu unaitwa umeme wa kurudi, ni kitu cha kisasa, Ulaya nzima wanautumia mpaka kwenye zizi la ng'ombe. Nikasema unatoka kwako, unapanda nguzoni, unafanya kazi, na baraka zake zinakurudia wewe mwenyewe. Baraka nilimaanisha intaneti. Nilidhani kila mtu ameelewa.

Mzee wa kakao alikuwa amekaa mbele kabisa, kofia magotini. Ni mzee wa watu, mjane, mashamba yake ya kakao yanaanzia nyuma ya choo chake na kuishia sijui wapi, pengine Malawi. Intaneti aliihitaji ili awaone wajukuu zake walioko Mbeya. Aliniuliza swali moja tu. "Unarudi kweli?"

"Tata, baba yangu, jina lenyewe umelisikia. Umeme wa kurudi."

"Ndaga," akasema. Asante. Akachukua adapta yake akaikumbatia kama kifaranga.

Kilichofuata ni maisha ya kulea boksi. Fundi hakutuambia mapema, tuligundua wenyewe, kwamba waya zetu ni ndefu na kuukuu, na umeme mwingi unaishia njiani. Nyumba moja haiwezi kuliamsha boksi. Mbili haziwezi. Zinahitajika tatu. Zikipungua chini ya tatu linalala, na intaneti ya wote inakufa, hata ya yule aliyechomeka adapta yake kwa uaminifu tangu alfajiri. Kwa hiyo umeme wa luku ukiisha kwa jirani mmoja na mwingine akahitaji soketi ya pasi, tayari, tumekufa wote.

Bwana mifugo, ambaye ni mtumishi aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha kunyooka, "Ndugu yangu, kwetu nikisahau kununua umeme nalala gizani na aibu yangu peke yangu. Hapa nikisahau, mtaa mzima unakuja kunijulia hali. Nimekuwa mgonjwa rasmi."

Tulicheka. Tulicheka mno mwaka ule. Dada wa saluni alikuwa na soketi mbili tu, akawa anachomoa adapta kila anapowasha mashine ya kukaushia nywele, na nyumba nyingine ikiwa imeishiwa umeme nikawa naliona boksi limelala, najua leo kuna bibi harusi. Nikawa naenda kumwomba, ananijibu, "Shemeji, boksi lenu lina nywele? Wateja wangu wana nywele." Mwishowe nikamnunulia ekstensheni. Mimi. Si kampuni. Kampuni iliandika kwenye tangazo lake mjini: *Mtandao wenye kasi, bila usumbufu.* Usumbufu wote walikuwa wameupakia nyumbani kwetu, kwao ungebaki wapi?

Sasa nije kwa mke wangu.

Tulisoma pamoja yale masomo ya jioni. Yeye alikaa dawati la mbele, mimi la nyuma, na nusu ya nilichojifunza nilijifunza kwa kutazama kisogo chake. Tulipomaliza mimi nilitosheka, nikatundika cheti ukutani hadi ukuta ukalalamika kwa uzito. Yeye hakutosheka. Alitaka ualimu wa chekechea, diploma kamili. Akasoma kwa njia ya mtandao miaka mitatu, kitabu mkono mmoja na mwiko mkono mwingine, na alichobakiza kilikuwa mtihani wa mahojiano. Watahini watatu wangekaa chuoni kwao, yeye angekaa chumbani kwetu, wangeulizana ana kwa ana kwenye kioo cha laptopu. Barua ya chuo ilisema Jumatano, saa nne kamili asubuhi. Ilisema pia kwamba mtahiniwa atakayeondoka kabla ya mwisho bila sababu yenye uthibitisho wa maandishi atarudia mwaka mzima.

Mwaka mzima. Aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, akaikunja barua, akaiweka ndani ya Biblia.

"Nikirudia sirudi tena," akaniambia. "Sina mwaka mwingine ndani yangu."

Wiki ile mvua ilinyesha kama vile mbingu imetobolewa na msumari wa inchi sita. Ikolo ni bondeni, maji yakikasirika ziwani na mitoni yanakuja kukasirikia kwetu. Barabara ya kwenda mjini ilikatika Jumapili. Mtandao wa simu ya mkononi kwetu, katikati ya migomba na mikakao, ni wa kuwindwa. Mara ya mwisho alipojaribu kuongea na mwalimu wake kwa bando, sura ya mwalimu iliganda mdomo wazi dakika kumi, tukadhani amefariki. Lililobaki ni boksi.

Jumanne nikampigia bwana mifugo, aliyekuwa likizo kwao.

"Umeacha adapta imewaka?"

"Adapta? Ndugu yangu, nimezima swichi kubwa kabisa. Niiache nyumba inaungua mimi niko Tanga nakula samaki?"

"Na ufunguo?"

"Ninao mfukoni. Unausikia unavyolia?" Akautikisa kwenye simu.

Basi zimebaki nyumba tatu. Tatu kamili, hakuna ya akiba. Jumatano saa mbili asubuhi nikavua viatu, nikaingia kwenye maji ya magotini, nikaenda kuomba nyumba kwa nyumba, mwanamume mzima mwenye cheti chake ukutani, kuwasihi watu walishe mtambo wa kampuni tajiri. Hapo ndipo hasira ilianza. Nakumbuka kabisa, ilianzia kwenye vidole vya miguu.

Dada wa saluni hakunipa shida. "Shemeji, leo hata aje malkia, mashine haiwashwi. Mwambie rafiki yangu ajibu kwa sauti."

Nikaenda kwa mzee wa kakao. Nilimkuta mlangoni anatazama mvua.

"Ugonile, tata."

Akaitika salamu, akanipa kigoda.

"Tata, sitakaa. Nimekuja kukukumbusha ile adapta. Leo ndiyo siku yenyewe."

Akanikazia macho. "Leo?"

"Leo saa nne. Siku ya umeme wetu, tata! Yote tuliyotoa mwaka mzima, leo ndiyo tunayaona matunda."

Ndivyo nilivyosema. Ningeweza kusema, mke wangu ana mtihani, tafadhali usichomoe. Maneno machache, hayana utamu, yanatosha. Lakini mimi kusema kitu kikiwa kitupu bila chumvi siwezi, ni ugonjwa. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa taratibu. "Ndaga fijo," akasema, asante sana, na macho yakamlenga machozi. Nikarudi nyumbani najiambia, ona jinsi mzee huyu anavyoipenda elimu.

Saa nne kamili watahini wakatokea kwenye kioo, wanaume wawili na mama mmoja wa miwani. Mke wangu alikuwa amevaa gauni la Pasaka na miguuni kandambili, kwa sababu miguu haionekani. Mimi nilikaa sakafuni nyuma ya pazia, marufuku kukohoa. Akaulizwa, akajibu. Akaulizwa mtoto anayelia siku ya kwanza ya shule utamfanyaje, akajibu vizuri hadi mimi mwenyewe nikatamani kurudi chekechea. Mama wa miwani akatabasamu, akasema, "Vizuri sana, sasa tuelezee..."

Akaganda. Kisha akapotea.

Taa ya kijani kwenye ruta ikawa nyekundu. Umeme wa nyumbani ulikuwepo, feni inazunguka, redio ya jirani inaimba. Boksi tu ndilo lililolala. Mke wangu alibaki anakitazama kioo, tabasamu la kumjibu yule mama likiwa bado usoni, halijapata habari.

Nilitoka mbio. Nasema mbio, ndani ya maji, na nadhani kuna sehemu sikugusa chini kabisa. Nikafika saluni nikiwa nimeshawasha moto wote nilionao.

"Umechomoa! Kwa ajili ya nywele! Mke wangu miaka mitatu, wewe kwa ajili ya nywele!"

Ndani kulikuwa na mteja mmoja, kichwa nusu kimesukwa nusu hakijasukwa. Dada wa saluni alininyooshea kitana kuelekea ukutani. Adapta ilikuwa imechomekwa, na juu yake alikuwa ameibandikia karatasi kwa gundi ya nywele: *USIGUSE MTIHANI.*

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Samahani."

"Samahani utaileta kesho na kuku. Kimbia."

Nikakimbia kwa mzee wa kakao. Njiani nilipanga maneno ambayo kijana hampi mzee, nikayapanga kwa urefu na kwa ukali. Nikamkuta sebuleni, amevaa koti lake la kanisani, amekaa wima karibu na soketi. Adapta ilikuwa mapajani mwake, imechomolewa, waya umekunjwa vizuri. Pembeni yake juu ya kigoda kulikuwa na sahani kubwa imefunikwa kitambaa cheupe.

"Tata! Umechomoa!"

"Nimechomoa," akasema, ameridhika kabisa. "Saa nne na robo. Niliusubiri kidogo, nikaona unachelewa, nikajua ni kwa sababu ya njia."

"Njia gani?"

"Waya si mmoja? Umeme wangu unapanda, ule unaorudi unashuka. Watapishana wapi? Kwenye tuta la mpunga, ukimwona mwenzako anakuja na mzigo kichwani, wewe si unashuka pembeni apite? Nikauzuia wa kwangu, ili unaorudi upate njia."

Nilisimama nadondosha maji kwenye sakafu yake. Akafunua sahani. Ndizi mbivu, matunda matatu ya kakao, na kipande cha sabuni kipya.

"Nimeandaa. Sahani ikitoka kwangu kwenda kwa mtu, hairudi tupu. Na kwangu ikija, hairudi tupu. Umeme wangu umekaa kwa watu mwaka mzima. Leo unakuja, nisiupokee mikono mitupu."

Yale maneno marefu niliyoyapanga yaliishia hapo hapo. Nilipiga magoti, nikaitoa adapta mapajani mwake, nikaichomeka mwenyewe. Taa ikawaka.

"Tata, haurudi," nikasema.

"Haurudi leo?"

"Haurudi kabisa. Unapanda unaliwa basi. Mimi ndiye niliyeongeza chumvi."

Akarudishia kitambaa juu ya sahani, taratibu, akanyoosha na kona zake. Nimeshapigwa na baba yangu, nimeshapigwa na walimu, nimeshapigwa na ngalawa kichwani kule Matema, lakini kitambaa kile ndicho kilichoniumiza.

Boksi likilala haliamki kama mtu. Linajikuna, linawasha taa moja, linafikiri, linazima, linaanza upya. Dakika kumi na moja. Lilipoamka watahini walikuwa wameshaondoka, na kwenye kioo kulikuwa na ujumbe: mtahiniwa ameondoka kabla ya mwisho.

"Ameondoka," mke wangu akasoma. "Kwenda wapi? Nimekaa hapa hapa." Akavua gauni la Pasaka akaenda kupepeta mchele, na kila ungo ulipopanda na kushuka nilisikia jina langu.

Uthibitisho wa maandishi. Hayo ndiyo maneno yaliyobaki mezani. Siku tatu baadaye maji yalipopungua nikapanda bodaboda kwenda mjini, ofisi za kampuni, kuomba karatasi moja tu inayosema boksi lao lilizimika. Nilipotoka nje ya geti langu nikamkuta mzee wa kakao amesimama na koti la kanisani.

"Sikukuita, tata."

"Mimi ndiye niliyechomoa," akasema, akapanda nyuma yangu. Tukaenda watatu, mimi katikati kama nyama ya sambusa.

Kaunta alikuwepo fundi yule yule, sasa amepandishwa cheo, ana viatu visivyo na tope. Alinikumbuka, akanisalimu kwa bashasha, akaingiza namba yangu kwenye kompyuta.

"Jumatano... Jumatano... Hapa mfumo unaonyesha hakuna hitilafu, bosi."

"Boksi lilizimika zaidi ya dakika kumi na moja!"

"Ndiyo, lakini si hitilafu. Linasema sababu." Akanigeuzia kioo nisome. Yalikuwa maneno mawili. *Mteja hakulisha.*

Naapa, msomaji, niliyasoma nikasikia masikio yanapiga mluzi. Mteja hakulisha! Kama vile tuna mbwa wao tumemnyima ugali. Mtambo ni wao, nguzo ni yao, fedha ya kila mwezi wanakula wao, na umeme wa kuuendesha ni wangu na wa mzee mjane na wa dada mwenye soketi mbili. Halafu siku moja katika mwaka mzima jirani anachomoa kwa adabu, adabu ambayo wao hawajawahi kuwa nayo, na kosa linaandikwa kwa jina letu. Nilipiga kaunta. Nilisema mengi. Niliwaambia boksi lao ni kupe, na mkate nitawaletea, na chai, walete na watoto wao tuwalee. Mlinzi akaanza kusogea. Watu kwenye foleni wakawa wanasema "mwe bandu!" yaani jamani watu, na kuacha foleni ili wasikie vizuri.

Mzee wa kakao akanigusa bega. Nikanyamaza. Akasogea kwenye kaunta, akavua kofia.

"Mwanangu, hicho chombo kinaandika kila kitu?"

"Kila kitu, mzee wangu."

"Kimeandika kwamba Jumatano sikulisha."

"Ndiyo."

"Jumanne kimeandikaje?"

Fundi akatazama. "Jumanne... ulilisha."

"Na Jumatatu?"

"Ulilisha, mzee."

"Na mwezi wa kwanza? Na siku ya Krismasi?"

Fundi hakutazama tena kioo.

"Niandikie hilo," mzee akasema. "Niandikie kwamba nililisha. Weka na muhuri. Hilo la Jumatano utaliandika chini yake, sikatai, nilichomoa kwa mkono wangu. Lakini anza na lile."

"Mzee, karatasi ya namna hiyo hatutoi. Kampuni haiwezi kuandika kwamba mteja ndiye... yaani kwamba kifaa kinategemea..." Akasimama. Alisikia mwenyewe alichotaka kusema. Foleni nzima ilisikia. Dada mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Kumbe na letu linakula kwetu?"

Fundi akachukua karatasi. Alimtazama mzee, akatazama mlango wa bosi wake, ulikuwa umefungwa. Akaandika haraka, kwa mkono: *Kifaa cha kampuni kilizimika saa nne na robo kwa sababu hakina umeme wake.* Akagonga muhuri mara moja, kwa nguvu, kama anaua mbu. "Hilo la kulisha siwezi, mzee. Hili chukueni mwondoke kabla hajatoka."

Si lile mzee aliloomba. Aliikunja karatasi akanipa, akavaa kofia, tukaondoka.

Chuo kiliikubali. Wakampa mke wangu siku nyingine, wiki mbili mbele. Asubuhi ya siku hiyo sikwenda kumwomba mtu, nilikuwa nimepigwa marufuku kusema lolote nje ya nyumba yangu. Alikwenda mke wangu mwenyewe, akasema maneno yake machache yasiyo na chumvi, akarudi. Dada wa saluni alifunga duka. Bwana mifugo, likizo imeisha, alikaa na adapta yake kama anamhudumia ng'ombe anayezaa, akawa ananitumia ujumbe kila dakika tano: *Mapigo ya moyo mazuri.* Na mzee wa kakao alikaa kwenye kigoda mbele ya soketi yake, koti la kanisani, mkono mmoja juu ya plagi, kuanzia saa tatu. Mjumbe wa mtaa alipokuja kumsalimia hakuinuka.

Mama wa miwani alianzia pale pale alipogandia. Mke wangu akamweleza. Saa tano na nusu akatoka chumbani na gauni la Pasaka na kandambili, akaniambia, "Nimepita," akaelekea moja kwa moja kwa mzee. Mikononi alibeba sahani ya mchele wetu mpya. Ile ya ndizi na kakao alikuwa ameipokea siku nyingi; mzee aliileta mwenyewe jioni ya ile Jumatano, baada ya mimi kumwambia haurudi, akisema ilishaandaliwa, isilale.

Jioni tulikuwa wote chini ya nguzo. Pale juu, kwenye boksi, kuna kibandiko cha kampuni: *MALI YA KAMPUNI. USIGUSE.* Mzee alikitazama muda mrefu.

"Chini ya hapo pana nafasi," akasema.

Nikaleta ngazi na kopo la rangi nyekundu lililobaki nilipopaka milango. Nikauliza niandike nini. Wakati huu sikuongeza kitu, niliandika kama alivyonitajia, kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani: *CHAKULA CHAKE NI CHETU.*

Kampuni ilituma mtu kufuta. Nikaandika tena. Wamefuta mara tatu sasa, na siku ile ile wanapofuta mimi napanda, na mzee anashika ngazi. Kuvuta umeme wao nguzoni bado wanasema kuna vibali. Kwa kufuta hawahitaji kibali. Wafute. Rangi ninayo ya kutosha kupaka ziwa lote kutoka hapa mpaka Matema, ng'ambo na huku, na ikiisha, dada wa saluni amesema ana hina.